Gunia Langu na Upepo wa Mlimani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi wa viti vya nyuma mlioitika kama watu wanaoonja uji wa moto, Bwana asifiwe tena.

Mzee wa kanisa amenipa nafasi fupi kwa sababu anaujua mdomo wangu. Kesho alfajiri tunavuka mlima kwenda kwenye mkutano wa wenzetu wa upande wa Kibimba, akina mama na vikapu vyao vya chakula, vijana na ngoma zao. Sasa hivi hapo nje nimesikia mtu akisema ule mlima si kitu, ni nyasi tupu. Nimesimama kwa ajili ya neno hilo.

Haya ninayoyasoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Shule niliiacha mapema, herufi nikazipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na ndevu. Nyumba yangu ya bati mnaiona kutoka barabarani. Kahawa yangu mnaijua. Hakuna mjomba aliyenipa, hakuna ofisi iliyonipa. Basi mtu wa namna hiyo akiwaambia kwamba siku moja aliogopa mpaka akamwita mama yake, mjue palikuwa na jambo.

Mnakumbuka wakati wa vita. Lori lililokuwa likija kijijini kwetu lilichukuliwa kwenda kubeba askari, na sisi tulikuwa tumetoa maharage kwa ajili ya vijana wetu waliokuwa mstari wa mbele. Maharage yakakaa ghalani. Halafu tukaambiwa kuna lori jingine, lakini litaishia ng'ambo ya mlima, tuyafikishe huko kwa miguu. Kikaitishwa kikao cha kumchagua mtu wa kutuongoza.

Nilisimama. Nani mwingine angesimama? Nimezaliwa kule juu, kabla hatujahamishwa kuja chini kwenye kijiji cha ujamaa. Lakini mwenyekiti akanitazama, akanipita, akamtaja mtu mwingine.

Jina lake silitaji. Awe yumo humu au hayumo, silitaji. Alikuja kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka na mke na mbuzi mmoja. Mtu mdogo, miguu myembamba, maneno machache. Alikuwa akichunga ng'ombe wa kijiji kule kwenye mgongo wa mlima, mvua na jua. Watu wakapiga makofi! Kumpigia makofi mchungaji wa ng'ombe, na mimi nimesimama pale na kifua changu hiki.

Nyumbani nikategemea kupewa pole. Mama watoto, anamenya ndizi, akasema, "Afadhali yeye. Mlimani anatembea kama mbuzi, hakosei mguu." Ndugu zangu, nawaambia, mkeo akisifu miguu ya mwanaume mwingine, hata ndizi hazishuki kooni.

Siku ya safari, tulipofika chini ya mlima, yule bwana akatusimamisha, akatuambia tutue mizigo. Akasema, "Mizigo yote mgongoni. Fungeni kwa kamba, mikono ibaki mitupu."

Mnazijua desturi zetu. Kwetu mwanaume hubeba kichwani, anakalisha ingata yake ya majani ya mgomba, gunia linakaa juu, shingo imenyooka. Mgongoni anakaa mtoto. Nikaona nafasi yangu hiyo. Nikamwuliza mbele za watu, "Bwana, na hili gunia nilinyonyeshe saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na yeye akacheka! Hilo ndilo lililoniuma. Halafu akasema, "Kaka, kule juu upepo hauulizi nani mwanaume."

Akaendelea na masharti yake. Vueni kandambili. Kila mtu na fimbo, na tukikata ubavu wa mlima fimbo ikae mkono wa upande wa juu. Achianeni nafasi, anayeteleza asimkokote mwenzake. Pale pembamba hakuna kumpita mtu. Wingu jeusi likionekana upande wa Burundi, tunashuka kutoka juu mara moja, na asikimbilie mtu ule mti uliosimama peke yake, radi inaupenda. "Na nikipiga mluzi," akasema, "kaeni chini hapohapo. Msiulize kwa nini."

Akamgeukia mke wangu, naye alikuwa safarini na mzigo wake. "Shemeji, mwambie mumeo ashushe hilo gunia."

Shemeji! Tangu lini? Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja? Nikajitwika gunia langu kichwani, nikasema twendeni.

Tulipanda vizuri. Kusema kweli, nilipendeza. Ingata haikucheza, shingo kama nguzo, na nyuma yangu akina mama wakihema. Mbele kabisa namwona yeye na kifurushi mgongoni kama bibi kizee, na watu wote wakikanyaga pale alipokanyaga. Niliwaka. Kila aliyekanyaga alama yake nilimwona kama amenitukana.

Tukafika pale pembamba. Waliopita wanapajua: huku bonde, huku bonde, na njia katikati kama juu ya ukuta. Hakuna mti wala kichaka cha kushika. Mluzi ukalia. Wote wakakaa chini kama kuku walioona mwewe.

Mimi sikukaa. Kwanza, mtu mwenye gunia kichwani hakai hivi hivi, anahitaji wa kumtua na wa kumtwika tena. Lakini hiyo ni sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni kwamba nilimwona amekaa chini, na mimi nimesimama, na mbele yake njia iko wazi. Nikasema moyoni, leo watanitazama mimi. Nikaanza kuwapita.

Upepo ulitoka bondeni. Haukunipiga mimi, ulilipiga gunia. Gunia likavuta shingo, shingo ikavuta mabega, na miguu ikafuata. Nilibiringika kwenye zile nyasi zinazoteleza kama zimepakwa mafuta, mpaka jiwe moja likanizuia, na hapo nikasikia mguu wangu unalia ko! chini ya goti. Chini ya lile jiwe hapakuwa na kitu, hewa tu. Gunia lilikuwa limepasuka, na maharage yakawa yananipita yakiteremka bondeni, kama watu waliochelewa mnadani.

Hapo ndipo nilipomwita mama yangu, na alishafariki zamani.

Nikijaribu kujisogeza, majani yananing'okea mkononi. Juu nasikia mke wangu analia, na upande wa Burundi naona lile wingu alilolisema yule bwana. Kisha nikamwona mwenyewe anashuka. Hakusimama wima hata kidogo. Ameugeukia mlima, tumbo kwenye nyasi, anachimba kwa vidole vya miguu, na kiunoni amefungwa kamba za mizigo zilizounganishwa, wanaume wamekaa juu wamezishika, visigino vyao vimezama ardhini.

Akanifikia. "Usitazame chini. Nitazame mimi."

Nikamwambia, "Niache. Walete machela."

"Machela hapa upepo utaichukua, na wabebaji juu yake. Wingu lile haliwezi kutungojea." Akainua uso, akaita, "Shemeji! Nitupie kanga yako!"

Kanga ikashuka imefungiwa kijiwe. Akajigeuza, akanipa mgongo. "Panda."

Ndugu zangu, niliutazama ule mgongo. Nikalikumbuka lile swali langu la asubuhi, nilinyonyeshe saa ngapi. Na nawaambia kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukiamini: nilisita. Mguu umevunjika, chini hewa, juu radi, na mimi nahesabu ni nani watakaonicheka. Wivu ulitaka kunichagulia bonde.

Mke wangu akapiga kelele kutoka juu, "Wewe baba, panda, au nishuke nikupandishe mwenyewe!"

Naye, polepole, bila kugeuka, akasema, "Kaka, utanichukia vizuri zaidi ukiwa mzima."

Nikapanda. Akanifunga kwa ile kanga, mbeleko kabisa, fundo kifuani kwake, kidevu changu begani mwake. Akapanda kwa mikono na miguu, wale wa juu wanavuta, naye hakunyoosha mgongo hata tulipofika. Na pale juu bibi mmoja, machozi yanamtiririka, akauliza, "Na huyu ananyonya saa ngapi?"

Watu walicheka na kulia. Na mimi nilicheka, kwa maumivu yale. Tukaondoka juu haraka kwenda ubavuni, tukakaa kila mtu mbali na mwenzake, na radi ikapiga pale pembamba tulipotoka. Maharage ya wenzangu yalifika. Yangu waliyala ndege.

Mwunga mifupa alinifunga kwa mianzi, nikalala msimu mzima wa kulima. Mama watoto alilima peke yake. Na yule bwana alikuja na maziwa, akaja tena, na wanangu wakawa wanamkimbilia njiani. Nilikuwa nanywa maziwa yake na roho inanichoma. Lakini hayo maziwa na hasira ile ndivyo vilivyoninyanyua. Nikaanza kwa fimbo uani, nikaenda shambani, nikapanda kahawa nikichechemea, hadi siku moja nikaupanda mlima wenyewe, mzigo mgongoni. Na bati lile nililipata baada ya mguu kuvunjika, si kabla.

Nawashukuru walioshika zile kamba, wengine wamo humu. Namshukuru mwunga mifupa. Mama watoto, asante kwa kanga, ile mpya niliyokuahidi nitainunua. Na yule bwana, asante.

Msinione nimepona kila kitu. Nyumba yangu ni kubwa kuliko yake, lakini mtu akitaka kuvuka mlima bado anauliza, "Yule bwana yuko?" Hakuna anayeniuliza mimi. Inaniuma mpaka leo, hapa niliposimama. Nimemwomba Mungu auondoe wivu huu, na akiwa bado anafikiria, nimeupa kazi. Kwa sababu ya wivu sijaacha kumtazama miguu. Najua anapokanyaga, najua anapongoja, najua wingu la namna gani linamfanya ageuke. Anayetaka kumwonea wivu mtu wa mlimani, amwonee hivyo.

Kesho basi, vikapu mgongoni, akina mama na akina baba. Yule bwana ndiye atakayetuongoza, na mimi nitakuwa nyuma yake, nakanyaga alama yake. Mwenye kutaka kunicheka anicheke sasa hivi, amalize kucheka hapa. Kule juu tutanyamaza, tusikie mluzi.