Marehemu Bado Kidogo, Mpambaji wa Maharusi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kabla ya kusoma historia ya mama yetu, familia inaomba radhi kwa kuwakalisha hapa tangu asubuhi bila maelezo, tunajua wengine mmeanza kunong'ona kwamba pengine kuna tatizo la hospitali au ugomvi wa ndugu, tatizo la hospitali halipo, ugomvi ulikuwepo kidogo ukaisha, na sababu ya kuchelewa mtaisikia humu humu, kwa zamu yake.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa bibi yetu, ambaye tunaye hapa mbele, kisha akafuata mjomba wetu. Mkunga alipomwinua alimkuta amekunja uso, mikunjo miwili imesimama katikati ya nyusi kama mtu aliyesahau chungu jikoni, akamwambia bibi, "Huyu wako amekuja na wasiwasi wake," waliokuwepo wakacheka, lakini mikunjo ile haikuondoka.

Alisoma shule ya msingi ya pale mtaani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978, alikuwa hodari wa hesabu na mwoga wa kila kitu kingine, akiogopa mvua isije ikaloanisha madaftari, akiogopa kengele isije ikalia hajamaliza. Siku ya picha ya darasa, mpiga picha alimwambia mbele ya wenzake wote, "Wewe wa nyuma, hebu kunjua uso," akajitahidi mpaka akatoka kama anaumwa jino, na tangu siku hiyo akawa anajipaka poda kwenye paji la uso kila asubuhi, akiamini kwamba uzuri walipewa wengine, na kazi yake yeye ni kuziba pale alipopunjwa.

Saluni aliingia Februari 1979, akianza kwa kufagia nywele na kufua taulo, na baada ya miaka mitatu akawa anapamba maharusi, kwa mkono mwepesi, ingawa hakuna harusi aliyoiendea bila kuharisha kwanza, na hili ninalisema kwa kuwa mwenyewe alilisema hadharani. Hapo hapo saluni alimpata baba, fundi umeme aliyeitwa kutengeneza mashine ya kukaushia nywele, mama akamwuliza mara tatu kama ana hakika umeme umezimwa, na baba alipoulizwa na rafiki zake alichokipenda kwa yule msichana mwenye uso wa kununa, alijibu, "Nimepanda nguzo miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza nitashukaje." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu, dada yetu mwaka 1986, kaka mwaka 1989, na mimi kitinda mimba ninayewasomea, mwaka 1993. Baba alitangulia Juni 2014, kwa shinikizo la damu, akiwa kitandani kwake, baada ya mama kuziogopa zile nguzo kwa karibu miaka thelathini.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mama naye alikuwa mtu. Agosti 1996, jina lake likiwa limevuma, alimpamba msichana mmoja kwa haraka, akamng'arisha ngozi, akamchonga nyusi mpya, akaificha alama ya kuungua iliyokuwa shavuni tangu utotoni, kila aliyemwona akashika mdomo kwa jinsi alivyopendeza, ila babu aliyemlea yule binti alifika mlangoni mwa ukumbi, akampita, akauliza kwa sauti, "Jamani, bi harusi wetu yuko wapi, mbona mnanisimamishia mgeni?" Watu waliangua kicheko, bi harusi akaangua kilio, na mama alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha taa, akihofia kwamba miaka yote ile hakuwa akipamba watu, alikuwa akiwafuta.

Kuanzia hapo hakumtoa bi harusi yeyote chumbani kabla ya kumwita aliyemlea na kumwuliza neno moja, "Ndiye?" Aliyeulizwa akisita hata kidogo, mama alichukua kitambaa chenye maji, akafuta, akaanza upya, huku magari yanapiga honi nje na yeye akijibu kupitia dirishani, "Bado kidogo!" na ndipo jina hilo lilipomganda mpaka kwenye mabango ya saluni aliyoifungua mwenyewe. Wanafunzi wake aliwaambia kwamba mtu mzuri ni yule ambaye aliyemlea akimwona katikati ya umati anamjua bila kuuliza, na poda yake mwenyewe ya asubuhi, ile ya tangu shule, akaiacha.

Aliugua figo kuanzia Mei mwaka jana, uso ukavimba, kisha ukakonda, kisha ukavimba tena, na hofu yake kubwa haikuwa kifo, ilikuwa kwamba tutamuaga mtu mwingine. Alimshika dada mkono akamwambia, "Msinifunike kama kitu cha aibu, ila usinitoe bila kuuliza." Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 4 ya mwezi huu, wodini, dada akiwa kando yake.

Leo alfajiri dada, aliyerithi kazi hii, alimpamba mama yake, akamwita bibi, akauliza, "Ndiye?" na bibi akasita. Dada akafuta, akaanza upya, bibi akasita tena, mjomba akawa anatazama saa na kusema jeneza lifungwe tu, watu wako juani na ugonjwa umeshamharibu, dada akamjibu vibaya, naye anaomba radhi, na sote tulikuwa na hofu ile ile, kwamba pengine mama hayupo tena usoni mwake. Ndipo bibi alipokiomba kitambaa, akasugua taratibu katikati ya nyusi, pale ambapo dada alikuwa ameziba ili mama aonekane ametulia, akasema, "Mmemtuliza mno, huyu simjui." Mikunjo miwili ikatokea, bibi akaiwekea kidole, akasema, "Ndiye."

Kwa hiyo jeneza litafunguliwa, na mtakapopita msidhani amekufa na kinyongo au maumivu, huo ndio uso aliokuwa akitutazamia tulipochelewa kurudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliojibu maswali yake yale yale kila siku bila kukunja uso, majirani waliotupikia na kutuletea viti, wasusi wenzake waliofunga saluni zao leo, na ninyi mliovumilia jua.

Mama, aliyekulea ameulizwa, amejibu, magari yako nje na hakuna anayepiga honi. Pumzika kwa amani, walau jaribu.