Dada Dobi na Herufi Mbili Zilizokosekana

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Dobi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na binti pekee kati ya watoto watano. Anayesoma wasifu huu ni kitinda mimba wao, na naomba mnivumilie, maana kuna mahali nitajitaja vibaya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na nyumbani, akamaliza mwaka 1975. Mwaka 1981 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakitumikia kwa miaka thelathini na mitano. Aliweza kukunja shuka la kitanda peke yake, kona moja ameibana kidevuni, upesi kuliko watu wawili. Shuka zetu za nyumbani alizidharau waziwazi.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kufuli, tarehe 6 Septemba 1986. Mimba tatu ziliharibika. Baada ya ile ya tatu hakutaka tena kuulizwa, nasi hatukuuliza.

Tarehe 9 Februari 1998 afisa ustawi wa jamii aliwaletea msichana wa miaka minne aliyefiwa na mama, wamlee miezi mitatu tu wakati ndugu zake wakitafutwa. Kwa wiki nyingi mtoto alilala na viatu miguuni, akingoja kuhamishwa, na Dada hakumlazimisha kuvivua. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukakaribia miwili. Kaka yetu mkubwa alimwonya, "Mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio. Wenyewe watakuja." Dada akamjibu, "Kuzaa si kazi, kaka. Kazi kulea." Alijibu kwa ujasiri, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kila gari lililosimama nje ya nyumba yake.

Novemba 1999 waliomba kumwasili mtoto kisheria. Barua niliipiga chapa mimi, nikijidai mjuzi wa mashine, na palipotakiwa "kumwasili" nikaandika "tunaomba kumwasi mtoto". Karani wa mahakama akarudisha jalada lote. "Wanaotaka kulea tunawapokea," alisema. "Wanaotaka kuasi, hapana." Watu walicheka sana. Dada hakucheka. Ikabidi wapange foleni upya, na katika miezi ile ya kungoja shangazi wa mtoto akapatikana, akamdai. Sheria ilitanguliza damu. Tarehe 3 Aprili 2000 mtoto akaondoka na nguo zake zote zikiwa zimepigwa pasi. Dada hakunisemesha kwa wiki saba. Nilistahili.

Tarehe 21 Mei shangazi alirudi naye mwenyewe. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Nimemlisha, nimembembeleza," alisema. "Kila asubuhi ananiuliza atarudi lini kwa mama. Mimi ni damu yake, lakini siwezi kumfanya afiwe na mama mara ya pili."

Maneno hayohayo aliyarudia mbele ya hakimu, na tarehe 18 Oktoba hati ya kuasili ikatoka. Shangazi huyo yuko nasi leo, safu ya mbele, na tunamshukuru.

Moyo wa Dada ulianza kuchoka mwaka 2021. Tarehe 27 Mei 2023 alizidiwa, akalazwa. Daktari alitaka saini ya upasuaji bila kuchelewa, na muuguzi akaita kwa sauti, "Mwenye mgonjwa ni nani?" Sisi ndugu zake wanne tukasimama kwa pamoja. Binti yake alibaki ameketi, kama mtu asiye na hakika kuwa ameulizwa yeye. Miaka yote hiyo, na bado tulikuwa tumemfundisha kukaa nyuma yetu. Dada, akihema kwa shida, alinyoosha kidole.

"Nyie kaeni," alituambia. "Mwenyewe ni yule."

Tukakaa. Binti akasaini. Upasuaji ulifanyika, lakini moyo haukustahimili, na Dada alifariki tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Ameacha mume, ndugu wanne, binti mmoja na mjukuu mmoja. Mungu ampe Dada pumziko lile ambalo sisi ndugu zake tulichelewa kumpa.