Fundi Msumari na Saa ya Jua ya Shuleni

Fundi Msumari, mwana wa mchimba visima, mjukuu wa bibi aliyeoka mikate ya mtaa mzima, ndiye aliyechomelea geti la shule, ngazi ya zahanati na ile saa ya jua iliyoko uwanjani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kitinda mimba wa watoto watano. Mimi dada yake ndimi niliyembeba mgongoni.

Jina la Msumari alilipata akiwa na miaka sita. Tulilala juu ya paa kwa sababu ya joto, nikamwonyesha nyota ya kaskazini, ambayo huku kwetu kaskazini mwa ikweta huonekana chini, karibu na upeo. Nikamwambia zingine zote zinazunguka, ile imepigiliwa msumari. Akauliza, "Nani aliyeupigilia?" Nikamwambia alale. Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari za msumari.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1963, akaingia karakana ya mjomba. Mwaka 1974 alimwoa mshonaji wa sare za shule, aliyemkubali kwa sharti moja, asiingie chumbani na buti. Walijaliwa binti mmoja, naye akashika ufundi wa baba yake.

Mwaka 1983 mwalimu mkuu aliomba saa isiyohitaji betri. Marehemu ndugu yangu alingoja giza, akakiinamisha chuma cha saa hadi kikaielekea nyota ile sawasawa, akakaza nati. Kivuli cha chuma kile kimewaita watoto darasani miaka arobaini.

Miaka minne iliyopita, jirani yetu mpiga picha aliacha kamera wazi juu ya paa, ikitazama kaskazini, usiku kucha. Kila nyota ilitoka imechora mstari wa kupinda. Ya kwetu, ile ya msumari, nayo ilichora, kamstari kadogo kama ukucha wa mtoto uliokatwa. Zote zilizunguka mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa giza tupu. Marehemu aliitazama picha mpaka chai ikapoa.

"Dada, kumbe nayo inatembea."

"Mimi niliishia darasa la sita. Ulitaka nijue nini?"

"Nimewachelewesha watoto wa watu."

"Dakika mbili tu. Wewe ulikuwa unachelewa nusu saa."

Alicheka, lakini jambo lile lilimkaa rohoni. Alitaka akakinyooshe chuma mwenyewe, ila kifua kilichokula moshi wa kuchomelea hakikumruhusu tena kupanda hata kibaraza. Alilazwa mwezi Januari, akafariki tarehe 9 Februari 2024, alfajiri.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na mimi.

Siku mbili kabla ya kufariki, alimwita binti yake akampa spana namba kumi na saba, pamoja na ile picha.

"Nati ni mbili. Nyota ikufikishe jirani tu. Wewe lenga hapa nilipotia alama, pasipo na kitu. Hapo ndipo pametulia."

"Shangazi naye aje?"

"Aje. Ashike tochi, asifundishe mtu."

Leo jua likizama, tunakwenda shuleni. Naye apumzike palipotulia.