Samaki wa Ukuta wa Kampala

Benchi la Mama Kahindo pale Rwambuzi, mtaa wa Bunia, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Anayeketi upande wa matofali ndiye anayesikilizwa kuliko wote, kwa sababu akisimama ghafla kwa hasira, benchi linayumba na wenzake wanamwaga kahawa. Kwa miaka miwili mahali pale palikuwa pa Tharcisse, mchoraji wa vibao na kuta za maduka, ambaye kijiwe kinamwita Pinceau, yaani brashi. Tangu Jumatatu pamekaliwa na Espoir, jina lake la kijiweni Kilomètre, aliyekwenda Kampala siku kumi na mbili kutafuta vipuri vya pikipiki na kurudi na sauti mpya. Tharcisse sasa amebanwa katikati. Kushoto kwake yuko Zacharie, fundi cherehani, aliyebatizwa Procureur, mwendesha mashtaka, kwa kuwa humhoji hata mteja anayeleta suruali ya kufupishwa. Kulia yuko Adolphe, mwendesha pikipiki, Cinq Minutes, ambaye kila asubuhi anaondoka baada ya dakika tano na saa nne inamkuta palepale. Nyuma yao kuna ukuta wa nyumba mpya ya chakula ya Mama Kahindo: saruji imekauka, kijivu, tupu, inangoja rangi. Ukuta huo Tharcisse aliahidiwa tangu kabla ya Pasaka.

— Kule, alisema Espoir, mutu hawezi kulala na njaa. Ananunua chapati, mayai ndani, nyanya ndani, wanakunja kama gazeti. Unakula na mukono moja, mukono ingine unashika telefone.

— Na bei? aliuliza Zacharie.

— Bei ya kucheka. Kwa pesa ya sahani moja ya hapa, kule unakula asubuhi, unakula midi, na jioni unamukaribisha mutu.

— Ulimukaribisha nani?

— Procureur, ni mufano.

— Niandike basi kwamba hakuna mutu alikaribishwa.

Mama Kahindo alicheka huku akimimina kahawa ya tangawizi. Yeye ni mtu wa Butembo, na watu wa Butembo, wanavyosema wenyewe, hawacheki kabla ya kuuza. Lakini tangu Jumatatu alikuwa anamchekea Espoir bure. Tharcisse alihesabu vicheko hivyo kimoja kimoja, na kila kimoja kilimwingia kama mwiba wa samaki.

— Onyesha tena ile foto, Mama Kahindo alisema.

Espoir hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alitoa simu, akaipangusa kwenye goti, akaiinua. Ndani ya simu kulikuwa na ukuta mrefu wa mgahawa karibu na kituo cha magari, na juu ya ukuta samaki saba wakubwa, wa bluu na wa shaba, wakipanda kama wanafuata mto usioonekana. Mbele ya samaki alisimama Espoir mwenyewe, shati jekundu, chapati mkononi, meno yote nje.

— Ukuta kama huu njo niko nataka, alisema Mama Kahindo. Mutu akitoka kule kwenye barabara, aone, aseme: hapa iko chakula.

— Na utaupata, mama. Ule muchoraji ni rafiki yangu. Nitamuita, atakuja. Anavuka mupaka pale Aru, siku mbili tu, iko hapa.

Tharcisse alitazama ndani ya kikombe chake. Alitaka kusema kwamba ukuta ulikuwa wake. Alitaka kusema kwamba, darasani, ni yeye aliyemchorea Espoir moyo wa chura, mishipa na yote, na Espoir akapata alama nzuri kuliko yeye. Alisema kitu kingine.

— Mimi sione juu ya nini batu ya Kampala wanapaka samaki kwenye ukuta. Kama chakula iko muzuri, harufu yake inatosha.

— Ngoja nikufasirie, alidakia Adolphe, akiweka kofia yake ya pikipiki chini kama mtu anayetua mzigo. Macho haina pazia. Mutu anaona samaki kubwa, macho inashiba. Tumbo inabaki na nafasi kidogo tu. Unamupa chapati moja, iko sawa. Njo maana kule chakula iko bei ya chini. Nusu ya chakula wanakula na macho.

— Sasa kama nusu iko kwa ukuta, alihoji Zacharie, yule kipofu anakula nusu gani?

— Kipofu analipa bei ya zamani.

Hata Tharcisse alitabasamu, kisha akajikumbuka na kulirudisha tabasamu mahali pake.

— Na masanamu je? Mama Kahindo aliuliza. Ulisema kule kila rond-point, pale njia zinazunguka, iko na sanamu.

— Karibu zote, mama. Ingine ameinua mukono, ingine amekaa, ingine iko na ngoma.

— Ile najua, Adolphe alisema. Shemeji yangu alifika Kinshasa. Sanamu ni kwa siye bamotard, batu ya pikipiki. Mukono yake ikionyesha kushoto, unapinda kushoto. Mutembezi anakula miguu yake.

— Hiyo methali inaingia wapi? Zacharie alisema.

— Inaingia kushoto.

— Na akipindua mukono?

— Wanabadilisha usiku, asubuhi njia yote imegeuka. Na tena, ndugu, masanamu ya kule iko na matricule, namba ya kazi ya serikali. Wanalipwa kila mwezi. Mwalimu wa hapa anafundisha miaka tisa bila matricule, sanamu iko nasimama tu, hafundishi ata mutoto moja, mshahara inaingia.

— Nani anachukua ile mshahara?

— Sanamu ya pembeni. Ile imekaa. Njo mucomptable, mwenye kushika pesa.

Kijiwe kilicheka hadi benchi likayumba, na Espoir akacheka zaidi ya wote, cheko la mtu ambaye ameziona sanamu hizo na anawasamehe ambao hawajaziona. Msamaha huo ndio uliomchoma Tharcisse. Angetukanwa, angejibu. Kusamehewa kwa sababu hujafika Kampala, hilo halina jibu.

— Nipe ile telefone, alisema.

Aliishika kwa mikono miwili. Alitafuta kosa, kwa bidii, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Mapezi yalikuwa sawa. Macho yalikuwa sawa, kila jicho na nukta yake ya mwanga. Kisha aliona matumbo. Matumbo ya wale samaki hayakuwa na rangi. Mchoraji alipaka mgongo na ubavu, akafika tumboni, akaacha saruji tupu. Na ile saruji tupu ndiyo iliyokuwa inang'aa, kwa kuwa kila kitu kando yake kilikuwa kizito. Tharcisse angefungua kopo la rangi nyeupe pale. Miaka kumi na moja alikuwa anafungua kopo la rangi nyeupe. Samaki wake wote wa Bunia, wale wa maduka ya sokoni na wale wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege, walikuwa na matumbo meupe kama sahani, na walikaa ukutani wakiwa wamekufa. Hawa wa Kampala walikuwa wanakwenda.

Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa yeye. Akarudisha simu haraka.

— Hii si ukuta, alisema.

— Ni nini?

— Ni kitambaa. Weye hujavuka Aru, Kilomètre. Uliingia studio ya foto pale Aru, wakatandika kitambaa nyuma, kama vile wanatandika ile ya ndege na ngazi. Ukasimama mbele, ukashika chapati.

— Tharcisse.

— Siku kumi na mbili uko Aru, unakunywa bia na badereva ya malori.

Zacharie alikwisha kugeuka upande wa Espoir, kidole juu.

— Mushitakiwa ajibu. Kitambaa ama ukuta?

— Ukuta. Nilikula chini yake kila siku.

— Iko na harufu gani?

— Ya mafuta ya kukaanga. Na kidogo mukojo, pale kwa kona.

— Hiyo ni ukuta, Zacharie akahukumu. Kitambaa haikubali ile ya pili.

— Na samaki moja akioza wote wameoza, Adolphe aliongeza, akionekana kuridhika.

Espoir hakupandisha sauti. Alimgeukia Tharcisse taratibu, kama mkubwa anayemfunga mdogo vifungo vya shati.

— Pinceau, ndugu yangu. Weye umefika wapi?

Tharcisse alijua swali hili lingekuja. Alikuwa analisubiri tangu Jumatatu.

— Kpandroma, alisema, akitaja mji mdogo wa jimbo lilelile.

— Ulienda kuona nini?

— Nilichora ngombe, kwa duka ya maziwa.

— Ngombe, alirudia Espoir, akitikisa kichwa kwa upole. Ile ni muzuri pia.

Hapo hata Adolphe hakucheka. Mama Kahindo alitazama ukuta wake wa kijivu, akamtazama Tharcisse, akatazama tena ukuta.

— Tharcisse, usichukie. Mimi nafungua nyumba siku ya posho, Jumamosi. Siwezi kungojea. Kama Espoir anamuita ule mutu leo, nitamungojea siku zake mbili. Kama hapana, aseme.

— Nitamuita, mama. Leo hii.

Tangu kesi ya kitambaa alikuwa amesimama pembeni, akisikiliza, mwanamke mmoja na mfuko wa kitenge begani, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Gari alilopanda kutoka Aru lilikuwa limesimama kona ile kubadilisha gurudumu. Akaomba kahawa, akajiita Plamedie alipoulizwa, akanywa akiwa amesimama. Na kwa kuwa Espoir alikuwa ameiinua tena simu yake, akaitazama.

— Ni muzuri, alisema. Samaki kama wanapumua.

— Unaona, alisema Espoir. Kampala, mama. Hata mupita njia anaona.

— Mwenye kuchora anaitwa nani?

— Ni rafiki yangu.

— Eheh. Na jina?

Espoir alifungua mdomo. Alitazama simu, kana kwamba samaki mmoja angemnong'oneza.

— Siye tulikuwa tunamuita... Alikuwa anapita tu pale. Mutu mufupi.

— Mufupi si jina, alisema Zacharie kwa sauti ndogo, ya huruma.

— Ulikula chini ya ukuta yake siku kumi na mbili? Plamedie aliuliza. Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Adolphe alichukua kofia yake, akaigeuza, akairudisha chini. Tharcisse aliona uso wa Espoir ukilegea, ule uso wa darasani, wa mtoto aliyesahau upande gani wa moyo wa chura una mshipa mkubwa. Angeweza kunyamaza. Ukuta ulikuwa unarudi wenyewe, hatua kwa hatua, kama mbuzi aliyezoea zizi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

— Numero yake iko pale, alisema.

Wote wakamtazama.

— Wachoraji wote tunaandika. Jina na numero ya telefone, chini kabisa, mukono ya kuume. Hakuna muchoraji anaacha ukuta bila ile. Ata yule wa Kampala ana njaa kama siye. Ongeza foto. Ongeza tena. Shuka chini.

Espoir aliikuza picha kwa vidole viwili. Vichwa vitano vikakutana juu ya simu, pamoja na cha Mama Kahindo na harufu yake ya tangawizi. Samaki wakapita wakubwa, mkia, tumbo lisilo na rangi, saruji. Wakashuka chini, kuume, mpaka mwisho wa ukuta.

Kichwa cha Espoir. Nyuma ya sikio lake lilichungulia herufi moja, labda K, labda R, na mbele ya shavu lake tarakimu mbili za mwisho. Zilizobaki zote zilikuwa nyuma ya meno na chapati.

— Foto ingine iko? Tharcisse aliuliza.

— Hii tu. Zingine ni za vipuri.

— Moja tu. Siku kumi na mbili.

— Nilisimama pale jua ilikuwa muzuri, alisema Espoir.

Kule barabarani dereva alipiga honi. Plamedie alirudisha kikombe, akashukuru, akakimbia na mfuko wake, bila kujua alichokiacha nyuma. Mama Kahindo aliinua termosi, akaitikisa. Ilitoa sauti ya mashapo.

— Kahawa imeisha, alisema. Tharcisse, kesho asubuhi ulete rangi. Samaki ama ngombe, utajua mwenyewe.

— Ndiyo, mama.

Alisema ndiyo, lakini hakugeuka kuutazama ukuta wake. Simu ilikuwa imerudi mikononi mwake, hakukumbuka ni lini aliipokea. Aliweka kidole gumba juu ya kichwa cha Espoir, akakisukuma kando, polepole, kama mtu anayemwomba jirani asogee kidogo kanisani. Picha nzima ikahama naye. Akasukuma tena.