Alimupatia Bila Kuonja

Mu jeep ya kutoka Kitshanga kwenda Mweso, mbele yangu Papa moja alikuwa anasoma kitabu, roman ya mauaji. Jirani yake, Mama mwenye kupakata bidon ya maziwa, akamuuliza inasema nini.

“Tajiri moja amekufa kwa sumu mu pombe ya ndizi,” Papa akajibu. “Mukatekista na mujane wa kuuzisha mbuzi njo banatafuta mwenye alimuua.”

“Nani alimupatia ile pombe?”

“Shemeji yake.”

“Alionja mbele ya kumupatia?”

Papa akarudisha ukurasa. “Hapana.”

“Basi njo yeye. Funga kitabu.”

“Mama, tungali ku ukurasa ya pili!”

Nilimuhurumia yule mujane, kupoteza kazi mapema vile.

“Kwetu, mwenye anapana pombe bila kuonja iko na sababu,” Mama akasema.

“Ao alisahau tu!”

“Kile kintu muntu hasahau.”

Alipoona Papa amekasirika, Mama akamimina maziwa mu gobeleti, akamupatia kwa mikono mbili, huku akiendelea kumulaani shemeji. Papa akatazama gobeleti, akamutazama Mama. Jeep nzima tukageuka kuangalia.

Tulisimama Mweso gobeleti ingali imejaa, na Mama anauliza kwa nini Papa hanywi.