Mlio Mmoja, Nguo Tayari

Nilikuwa kwenye basi nikisali kimoyomoyo, lakini Mungu anisamehe, masikio yalishahamia kiti cha mbele. Muuza laini alikuwa amemfungulia fundi cherehani boksi la simu ya kupangusa.

"Mama, hamia kwetu. Kifurushi cha mwezi, unaongea mpaka uchoke."

"Nani kakwambia nataka kuongea, mwanangu?" Fundi akatoa simu yake ya vibonyezo, imefungwa mpira isifunguke. "Nikimbipu mteja mara moja, nguo tayari. Mara mbili, aje kupima. Akinibipu yeye, yuko mlangoni. Mkiwapa dakika za bure, kila mmoja atanisimulia harusi ya dada yake. Nguo utashona wewe?"

"Basi wakutumie picha za mishono."

"Akinitumia picha ya mwembamba, atataka na kiuno chake."

Nilichekea kwenye mtandio. Muuza laini hakucheka. "Wenzako wote wanazo, mama. Wateja watakuhama."

Hapo fundi alikitazama kile kioo cha simu ya boksini. Nilimwona. Kisha akasukuma boksi kwa kidole kimoja. "Wa kuhama wameshahama. Waliobaki nawajua hadi bega lililoinama. Wewe unawajua?"

Kabla hajajibiwa, simu ya vibonyezo ililia mara moja, ikakatika.

"Hukupokea, mama!"

"Nimeshapokea. Dereva, nishushe hapa, nina mtu mlangoni."

Basi likasimama. Muuza laini alibaki amepakata boksi lake, bado liko wazi.