Gudrun Thorsager na Mishumaa ya Kahawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuingia majumbani mwa watu na kuchungulia chini ya vitanda vyao, Gudrun Thorsager anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Vumbi la mji wetu wa Svendborg, Denmark, litashusha pumzi.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya kifua. Akachoka kuwatibu wagonjwa wale wale kila majira ya baridi, akaamua kuwafuata nyumbani aone kinachowarudisha. Aling'oa mazulia, akavika magodoro vifuniko, akawafundisha watu kufua mashuka kwa nyuzijoto sitini na kufungua madirisha hata theluji ikianguka. Paka mmoja alihamishiwa kwa shangazi. Wenye paka hadi leo humsalimu Gudrun kwa kichwa tu.

Lakini Gudrun mwenyewe hupenda tusimulie kosa lake. Asta, msichana wa miaka saba aliyelelewa na bibi yake, Ragnhild, alilazwa kwa pumu kila Desemba, miaka mitatu mfululizo, asiione Krismasi ya nyumbani. Bibi alitii kila agizo. Gudrun alikagua, akaandika "nyumba safi," kisha akaketi kunywa kahawa, madirisha yamefungwa, mishumaa minane ikiwaka mezani, kama ilivyo ada mgeni akija. Ziara ya nne, Desemba iliyofuata, mshumaa wa mwisho ulipowashwa, Asta akaanza kukohoa mbele yake. Hapo Gudrun akatambua kuwa ni moshi wa mishumaa, akaibeba yote kwenye sinia, akaitoa kibarazani.

"Wewe mama, umeitupa heshima yangu kwenye baridi," alisema Ragnhild.

"Heshima itarudi, bibi. Huyu akiishiwa pumzi, je?"

Alioneshwa mlango. Kesho yake akarudi na taa ya umeme, akaoneshwa tena. Mara ya tatu alikuja na keki. Ragnhild akamwambia kahawa ya gizani haina ladha, ila aingie. Mishumaa inayowashwa kwenye matawi ya mti wa Krismasi ilikuwa vita vingine. Bibi alisalimu amri siku moja kabla ya sikukuu, akilalamika kwamba marehemu mumewe asingemsamehe.

Mkesha ule, kama ilivyo desturi, Asta aliuzunguka mti, ameshikana mikono na bibi yake, wakaimba nyimbo zote. Aliyeomba wapumzike ni Ragnhild.

Ahsante, Gudrun, kwa kutukera mpaka tukapona. Tunakutakia ustaafu wenye afya na usingizi mrefu. Kazi iliyobaki ni yetu, na hatuiachi.